Pumu Kutulia Si Pumu Kupona

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Usemi huo unafaa kukumbukwa na kila askari mwenye ugonjwa wa pumu.

Tuchukue mfano wa askari akaaye Kasubi, mjini Kampala. Nje kuna vumbi na moshi wa magari ya barabara ya Hoima. Nyumbani kuna moshi wa makaa. Akipitisha miezi mitatu bila kubanwa kifua, husema, "Nimepona," akaitupa inhela yake, yaani dawa ya kuvuta kwa mdomo. Je, amepona kweli?

Mwaka 2020 kundi la wataalamu lilipendekeza masharti manne ya kusema kwamba pumu imetulia. Kwanza, mgonjwa apitishe miezi 12 au zaidi bila dalili za maana. Pili, katika muda huo asitumie vidonge wala sindano za steroidi. Tatu, kipimo cha kupuliza katika mashine kionyeshe kwamba mapafu yamefikia uwezo wake mzuri na hayarudi nyuma. Nne, mgonjwa na daktari wake wakubaliane juu ya hali hiyo.

Wataalamu hao walitenganisha anayetulia akiwa bado anatumia dawa na anayetulia bila dawa kwa miezi 12 au zaidi. Kutulia kamili kwadai zaidi: vipimo vithibitishe kwamba uvimbe ndani ya njia za hewa umekwisha. Hata hapo, kutulia si kupona.

Sababu ni wazi. Njia za hewa zaweza kuwa na uvimbe bila mwenyewe kuhisi lolote, kisha moshi, vumbi au mafua yakauamsha ugonjwa. Askari ajua kwamba adui aliyenyamaza hajasalimu amri. Naye anayebanwa ghafula katika zamu ya usiku huhatarisha maisha yake na ya wenzake wanaomtegemea.

Kwa hiyo, miezi mitatu ya nafuu ni dalili njema, lakini si ruhusa ya kutupa dawa. Uamuzi wa kuipunguza ni wa daktari, baada ya vipimo, na Kampala ina Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wakuu wa vikosi nao wasimhesabu mwenye pumu kuwa mvivu, maana aogopaye kudharauliwa huficha ugonjwa. Kuficha pumu si ushujaa. Kuilinda nafuu ni nidhamu.