Nilienda Bomet kufundisha historia ya drama, dakika ya 20 nikaishiwa na maneno

Kufikia dakika ya 20 nilikuwa nimemaliza kila kitu ninachojua.

Nilikuwa mbele ya wanafunzi 32 katika shule moja ya kutwa pande za Konoin, Kaunti ya Bomet. Ubaoni nilikuwa nimeandika Thespis, 534 K.K. Nilishawaambia kwamba huyo Mgiriki ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kujitenga na kundi la waimbaji akazungumza kama mhusika. Baadaye Aeschylus akaleta mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu. Kutoka Athens niliruka karne kibao, pap, nikatua London kwa Shakespeare. Hapo maji yakaisha mtungini.

Kijana mmoja wa nyuma, yule nilidhani amelala, akainua mkono.

"Mwalimu, na huku?"

"Huku wapi?"

"Huku kwetu. Hao wakifanya hayo yote, huku drama ilikuwepo ama tulikuwa tunawangoja?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha kuficha aibu.

Wacha niwe mkweli mapema. Mimi si mwalimu. Nilisoma sanaa za maonyesho chuoni miaka miwili, karo ikakataa, nikarudi mtaani kuandika. Kumbukumbu zangu za muhula wa kwanza ni kurasa 14 za Ugiriki, na hizo ndizo nilibeba kwenye matatu kutoka Nairobi. Ya Kenya yalikuwa yafundishwe mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu mimi nilikuwa tayari nimetoka.

Sasa nilifikaje Konoin? Ni kwa sababu ya binti wa dadangu. Januari 2026 aliingia Gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa la sekondari pevu chini ya mtaala mpya. Kama umefuatilia, unajua watoto wanachagua mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ndani ya huo wa tatu kuna somo linaitwa Thieta na Filamu. Msichana aliposikia hilo hakutaka kusikia lingine. Huyu ni mtoto ambaye akikuigiza unavyokunywa chai, utajiona mpaka uone haya.

Lakini si kila shule inatoa mikondo yote mitatu. Ya karibu na kwao ina miwili, na wa sanaa si mmoja wao. Ili asome drama ingebidi aende bweni mbali. Dadangu huuza majani chai kiwandani kutoka shamba la nusu eka. Alipiga hesabu usiku mmoja, asubuhi akanunua sare za shule ya kutwa. Hakuna aliyelia, ila kwa muda hakuna aliyeigizwa pale nyumbani.

Mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo ndiye anasimamia klabu ya drama. Ni kijana tu, rika langu. Akasema kama somo haliji shuleni, klabu itakuwa somo: kila Ijumaa baada ya masomo, wale wa Gredi ya 10 pamoja na wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Akanipigia simu. "Kaka, wewe ulisomea haya mambo. Kuja uwape historia kidogo."

Historia kidogo ndiyo hiyo iliyoisha dakika ya 20.

Nikamwambia yule kijana wa nyuma nitamjibu baada ya wiki mbili. Sikurudi Nairobi moja kwa moja, nilipitia Kericho kumwona rafiki. Ukitoka Bomet unapita Kaplong, kisha Kapkatet, kisha Litein, chai pande zote mbili za barabara. Na pale Kapkatet nikakumbuka kitu nilichokuwa nimesoma kwenye simu miaka iliyopita, nikataka kujipiga kofi.

Mwaka wa 1950 mkusanyaji wa muziki anayeitwa Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Sahani zake za santuri zilifika huku, ulimi wa Kikipsigis ukalichukua jina na kulipa sura yake. Huyo Chemirocha akawa nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamwita aje acheze ngoma ya kurukaruka, aruke mpaka nguo zimtoke. Mwaka wa 2015 rekodi hizo zilirudishwa nyumbani, zikasikizwa tena na watu wa huko.

Wataalamu huiweka kwenye rafu ya muziki. Sawa. Lakini kuna mhusika, kuna kundi linalomwita, na kuna utani kuhusu mgeni ambaye sauti yake inatoka kwenye sanduku. Ukinionyesha tofauti kubwa kati ya hilo na kundi la waimbaji wa Thespis nitakununulia chai. Na hao walikuwa watoto tu wa Kapkatet, nyanya za watu tunaoketi nao kwenye matatu.

Kwa hivyo jibu la kwanza lilikuwa: hapana, hatukuwa tunangoja.

Jibu la pili nililipata nilipoanza kusoma vizuri, na limejaa watoto wa shule. Katikati ya miaka ya 1950, Alliance High School ilikuwa ikiigiza Shakespeare mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi wake wakaanza kuandika michezo yao kwa Kiswahili. Henry Kuria akaandika Nakupenda, Lakini, wengine wakafuata, na michezo hiyo ikatoka nje ya ua la shule hadi ukumbi wa Menengai, Nakuru, mbele ya wafanyakazi. Wakati wa Hali ya Hatari hiyo! Tamasha lenyewe la drama ya shule lilianza 1959, mkoloni akiwa bado ofisini. Tanzania nako, Ebrahim Hussein akachapisha Kinjeketile 1969, kisha akaenda Berlin Mashariki kuandika tasnifu ya uzamifu kuhusu maendeleo ya thieta Afrika Mashariki. Kumbe mtu alishafanya utafiti kitambo, mimi ndiye nilikuwa nimekwama Athens.

Ijumaa ya pili sikuandika kitu ubaoni. Nilisukuma madawati kando nikawaambia wanionyeshe asubuhi moja kwenye kituo cha kununulia majani chai. Nani karani wa mizani? Nani mama aliyechelewa?

Hapo sasa ndipo niliona darasa. Watoto ambao wanaweza kukutajia aina za maigizo katika fasihi simulizi bila kupumua, majigambo, vichekesho, malumbano ya utani, ngonjera, walikuwa hawajawahi kuombwa kusimama. Wale wa Kidato cha Tatu wanasoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Maudhui wanayo, sifa za wahusika wanazo, mbinu za lugha wanazo. Ila tamthilia yenyewe haijawahi kutoka kitini. Simlaumu mwalimu, mtihani haumuulizi mtu sauti yake. Lakini ni kama kusomea kuogelea kwenye daftari.

Karani akaanza kusoma kilo. Msichana wa mbele akamkatiza: "Karani hasemi hivyo. Karani hakuangalii." Mwingine akasema mama aliyechelewa hawezi kupaza sauti, anaongea kwa upole kwanza, hasira anaibeba nyumbani. Wakabishana robo saa. Nikawaacha.

Halafu nikawaambia: hicho mnachofanya sasa, watu walikifanya Kamiriithu, Limuru, mwaka wa 1977.

Nikawaeleza. Kamiriithu ni kijiji kilichoanzishwa wakati wa Hali ya Hatari, watu wakilazimishwa kuhamia pamoja. Miaka ya sabini wakazi wake wengi walikuwa vibarua: wa kiwanda cha viatu cha Bata, wa mashamba ya chai. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wakaandika mchezo kwa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Ukasomwa mbele ya wanakijiji, nao wakausahihisha: mzee haongei hivi, kibarua hasemi vile. Wakajenga jukwaa lao wenyewe, lisilo na paa, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa wazi, kila mtu akiona, mpaka watazamaji wengine wakajua mistari kama waigizaji. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 2, 1977, siku ya Jumapili.

Msichana wa dadangu akauliza, "Waigizaji walikuwa wachuma chai?"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Kama wale wa kampuni."

"Kama wao."

Hakusema kingine, lakini alitoa daftari lake akaandika. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akiandika tangu nianze kuja.

Nikaendelea. Novemba 16 mwaka huo huo serikali ikaondoa kibali, mchezo ukazimwa. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Nilipofika hapo mwalimu alikohoa. Nikasema Machi 1982 jukwaa lile likabomolewa. Akakohoa tena.

Na ndipo yule kijana wa nyuma, ambaye sasa ameketi mbele, akauliza swali ambalo wote tulijua linakuja: "Kama Butere?"

Wameiona kwenye simu, nani angewaficha? Aprili 2025, Echoes of War ya Cleophas Malala. Mahakama Kuu iliagiza wasichana wa Butere Girls waruhusiwe kushiriki tamasha la kitaifa Nakuru, mwandishi wao akakamatwa kabla, polisi wakarusha vitoa machozi nje ya ukumbi. Aprili 10 wasichana waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Haikuwa mara ya kwanza kwa shule hiyo: 2013 mchezo wao Shackles of Doom, wa mwandishi yuyo huyo, ulizuiwa na mahakama ikauruhusu. Nikawaambia ndiyo, kama Butere. Ni historia ileile, imesogea tu kutoka Limuru.

Baada ya darasa mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Hakuwa na hasira. "Kaka, mimi nimeajiriwa na bodi ya shule, si TSC. Nikiondolewa Ijumaa, Jumatatu kuna mwingine na digrii yake. Wewe utapanda matatu jioni."

Nilikuwa na majibu mengi ya mtandaoni. Hapo barabarani sikupata hata moja. Nilimshukuru kwa Kikipsigis changu kibovu, "Kongoi," akacheka, tukaachana.

Jambo lililokuwa likimsumbua nililielewa baadaye. Klabu ilikuwa imeandika mchezo wake kwa tamasha: mama anachuma chai kwenye shamba kubwa, mashine inaletwa, mama anarudi nyumbani mchana na binti yake hajui kwa nini. Si kitu walichobuni tu. Mnajua mambo ya mashine za kuchuma chai huku, Mei 2023 watu waliandamana Kericho na mashine zikachomwa. Kila mtoto kwenye klabu ana shangazi au jirani wa hadithi hiyo. Nakala ilipopelekwa kwa wakubwa wa shule ikarudi na ushauri. Hakuna aliyekataza. Waliuliza tu kama ni lazima iwe chai.

Basi ikawa ngano. Mashine ya chai ikageuka mashine ya kuvuna ngano, shamba likahamishiwa Narok. Mwalimu aliandika upya usiku mmoja, na nikisema ukweli aliandika vizuri, pengine mazungumzo ya mama na binti yalikuwa bora kuliko mwanzoni. Mimi nilikasirika kwa niaba yao. Bado naona shule ingeweza kusimama na watoto wake kwa jambo dogo hivyo, mchezo wenyewe haukutaja kampuni wala mtu. Lakini nilipowauliza wanafunzi, hawakuwa na hasira yangu. Waliniangalia kama mtu aliyefika amechelewa. Mmoja akasema, "Ni sawa tu, mwalimu. Watajua."

Sikuelewa mpaka nilipoona mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano ya kaunti ndogo.

Msichana wa dadangu ndiye mama. Anaingia jukwaani, yaani ile nafasi kati ya ubao na dawati la kwanza, na mistari yake yote inasema ngano. Lakini wengi wa watoto hawa hawajawahi kukanyaga shamba la ngano. Akaanza kazi. Mikono miwili mbele yake, kimo cha kiuno, vidole vinakata juujuu, kushoto, kulia, upesi, halafu anatupa nyuma ya bega kwenye kikapu ambacho hakipo. Kushoto, kulia, bega. Wale wanaoigiza vibarua wenzake wakashika mdundo huohuo.

Nilimtazama mwalimu. Aliona. Akaangalia saa yake, akageuza ukurasa wa nakala, akawaambia warudie kuanzia pale mama anapoingia.