'Unsteady': neno la kujua kabla ya kumwona daktari

Mzee wa Afrika Mashariki anayeishi na wanawe mjini Plano, kaskazini mwa Dallas katika jimbo la Texas, Marekani, aendapo kwa daktari huenda akaulizwa swali lenye neno la Kiingereza 'unsteady'.

Swali hilo ni miongoni mwa matatu yaliyoandaliwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi: Je, unajihisi 'unsteady' unaposimama au kutembea? Je, una hofu ya kuanguka? Je, umeanguka katika mwaka uliopita?

Jibu la 'ndiyo' kwa swali lolote huashiria hatari ya kuanguka.

Maana yake

'Steady' ni imara, na 'un' hukanusha. Hivyo 'unsteady' ni kitu au mtu asiye imara, anayeyumba au kupepesuka. Neno hilo hutumiwa pia kwa ngazi inayotikisika, mkono au sauti inayotetemeka, na hata mapato yasiyotabirika.

Tofauti na kizunguzungu

Wengi hujibu kwa neno 'dizzy', yaani kizunguzungu. Lakini mtu aweza kuyumba ilhali kichwa chake kimetulia.

Tofauti hiyo humwongoza daktari. Anayehisi chumba kinazunguka huenda ana tatizo la sikio la ndani. Anayeona giza ainukapo kitini huenda shinikizo lake la damu limeshuka. Anayeyumba atembeapo huenda ana tatizo la neva za miguu, misuli au ubongo, au ni athari ya dawa anazotumia.

Neno 'ghafla', kwa Kiingereza 'suddenly', nalo lina uzito. Kuyumba kunakoanza ghafla, hasa pamoja na uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, huweza kuwa dalili ya kiharusi. Nchini Marekani nambari ya dharura ni 911.

Asiyejua Kiingereza vyema ana haki ya kuomba mkalimani. Sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa huduma hiyo bila malipo, ili mgonjwa aeleze kwa Kiswahili kama anazunguka kichwa au anayumba miguuni.