Gesi ya AC Haiishi Kama Petroli

"Shikamoo fundi, kujaza gesi shilingi ngapi?" Salamu na swali kwa pumzi moja, boneti bado imefungwa. Wa leo alikuwa kijana aliyeleta Mark II ya baba yake, GX81 ya mwaka 1990, gari safi kuliko viatu vyangu. Nikamuuliza amejaza lini mara ya mwisho. Miezi minne iliyopita. Na kabla ya hapo? Akaanza kuhesabu vidole.

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, gesi ya AC haiungui wala hailiki. Inazunguka humo humo. Friji ya nyumbani kwako ina miaka mingapi, na umewahi kuijaza gesi kila Pasaka? Kweli, gari si friji: shafti ya kompresa inatokeza nje kupitia sili, na mipira ya kale inapitisha gesi kidogo kidogo. Lakini huo ni upotevu wa miaka. Ikiisha kwa miezi minne, kuna tundu.

"Mbona nikijaza inapoza?" Itaachaje? Hata ndoo iliyotoboka ukiitia maji inajaa. Tatizo ni kwamba gesi haitoki peke yake, inatoka na mafuta yanayolainisha kompresa, na mwenye kujaza hayarudishi. Mfumo ukibaki mtupu, unyevu unaingia, unaganda kwenye valvu ya upanuzi na kuzaa asidi. Halafu kuna suala la gesi yenyewe. GX81 ilizaliwa na R12, ambayo kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama yetu zilipaswa kuachana nayo ifikapo 2010. Sasa mtu anakuja na R134a anaimimina juu ya masalia ya R12. Shinikizo linapanda, na mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya, kwa hiyo yanalala bondeni na kompresa inasaga mkavu. Wapo pia wanaojaza gesi ya kupikia. Inapoza, sikatai. Ila ivaporeta iko mbele ya magoti ya abiria, na abiria anavuta sigara.

Na msiniambie "walivuta vakyumu, geji ikatulia". Vakyumu inalijaribu tundu kwa uzito wa hewa tu, na hapa Buswelu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi: kama psi 13 hivi. Ndiyo maana geji zetu hugota kwenye inchi 26, na fundi anayesubiri ifike 30 kama kitabu kilivyoandikwa pwani atalala gereji. AC ikifanya kazi, upande wa shinikizo unapita psi 200. Oringi iliyochoka inaweza kunyonywa ikakaa sawa wakati wa vakyumu, kisha ikaachia ukiwasha.

Basi fanyeni hivi. Tafuta mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio, kwenye kondensa na kuzunguka klachi ya kompresa. Fungua vifuniko vya valvu za kujazia, paka povu la sabuni. Kile kisindano cha ndani, ndugu yake wa valvu ya tairi, huvuja mno. Pima kwa naitrojeni, psi 150, yenye regyuleta. Oksijeni ya mchomeleaji usiiguse, ikikutana na mafuta inalipuka. Upepo wa tairi nao una maji. Mashine ya kunusa itumike asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza, na ipite chini ya paipu maana gesi ni nzito kuliko hewa. Ivaporeta inuse kwenye mrija wa maji. Dawa za kuziba achana nazo, zinaziba hata pasipovuja. Ukishapata tundu: oringi zote mpya, draya mpya, mipira ya R134a, mafuta ya esta, vakyumu si chini ya dakika 45, kisha gesi kwa mizani, kama asilimia 80 ya uzito wa R12 uliokuwa umeandikwa.

Ya yule kijana ilikuwa ivaporeta. Nilipomwambia dashibodi nzima inashuka, kazi ya siku mbili, akaniuliza kama kwa leo nisingeweza kumjazia kidogo tu, afike harusini Magu.