Sauti ya Mama Iliyojificha Kushoto

Niliposikia kwamba rafiki yangu mmoja wa Lamu, aliyelowea Thika tangu enzi za viwanda vya nguo, ameunda kwa mikono yake chombo cha kupandisha na kushusha sauti, na kwamba chombo hicho kimemgomea wiki moja kabla ya harusi ya mjukuu wake, nilipanda matatu pale Nairobi, nikakata kilomita 40 na ushei, nikaenda kumtazama. Sikwenda kwa kuwa najua umeme. Mimi ni mtu wa vina na mizani. Nilikwenda kwa ajili ya kaseti.

Kaseti yenyewe ilinaswa Lamu mwaka 1981. Ndani yake marehemu mama yake mzee anausoma utendi wa Mwana Kupona, ule ambao bibi huyo, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima juu ya dini, adabu na unyumba. Redio iliyonasa sauti ilikuwa na vinasa viwili. Mama alikaa upande wa kushoto; kulia walikuwako watoto na jogoo wa jirani. Mzee alitaka bibi harusi, kabla hajatoka nyumbani, amsikie mama wa babu yake akimsomea.

"Karibu malenga," aliniambia, "lakini mama amekataa kusema. Jogoo ndiye anayewika tu."

Sasa niwaeleze chombo. Kitufe cha sauti tulichokizoea kwenye redio kina ndani yake njia ya makaa, na juu yake hutembea ulimi wa chuma. Miaka ikipita, njia hulika na vumbi huingia, na kila ukigusa husikia kwaruzo. Tena ukishusha sauti sana, upande mmoja hutangulia kunyamaza. Mzee alichoka na hayo. Naye alikuwa fundi wa umeme kiwandani miaka mingi, akitengeneza makabati ya mitambo yaliyojaa rilei, basi akaiamini rilei kama mvuvi anavyouamini mshipi wake.

Rilei ni koili ya waya yenye ulimi wa chuma. Umeme ukipita ndani ya koili, koili huwa sumaku, ikauvuta ulimi, na ulimi ukafunga njia nyingine kabisa. Mzee alipanga sita. Ya kwanza hupunguza sauti kwa desibeli 1, ya pili 2, kisha 4, 8, 16 na 32. Ni kama muuza duka mwenye mawe sita ya mizani: akiyachanganya atapima chochote kuanzia 0 hadi 63. Mjukuu wake wa kiume akamtilia kompyuta ndogo ya ukubwa wa ukucha kuyachagua mawe hayo, na waya mrefu wa kuamrisha kutoka popote alipokaa.

Maradhi yalikuwa mawili. La kwanza: kushoto kulinyamaza mara kwa mara, na ukikigonga kisanduku hurudi. Mzee hakukurupuka. Alibadilishana waya za spika. Kimya kikahamia spika ya pili. Basi spika ni nzima. Akabadilishana waya zinazoingia kutoka kwenye kaseti. Kimya kikabaki palepale. Basi kaseti ni nzima, ugonjwa umo kisandukuni. (Hapo nilimshika mkono, nikamwambia kaseti hiyo ya pekee ainakili kwanza ndipo afanye majaribio mengine. Alinitii, ingawa kwa kununa.)

Nikashika kalamu, yeye akipanda ngazi moja moja. Kimya kilitokea 8 hadi 15. Kikatoweka. Kikarudi 24 hadi 31, tena 40 hadi 47, na 56 hadi 63. Mjukuu aliitazama karatasi yangu akacheka. "Babu, ni jiwe la 8! Kila linapowekwa mizanini, kushoto kunakufa."

Mzee akaifungua rilei ile, akaisugua kwa msasa. Ikapona siku mbili, ikarudia. Hapo ndipo alipokaa kitako akawaza, na jibu lilimchoma kidogo, maana lilitoka katika kazi yake mwenyewe. Rilei zake zilikuwa za kiwandani, za kuwasha mota. Ncha zake ni za fedha, na fedha huota utando mweusi. Kwenye mota si neno, cheche huuchoma utando kila inapofunga. Lakini umeme wa sauti, kabla haujakuzwa, hauna nguvu ya kuupasua utando huo. Mama alikuwa akisema nyuma ya pazia. Dawa ikawa rilei ndogo zenye ncha zilizopakwa dhahabu, zisizoota utando. Kijana akazifuata Luthuli Avenue, Nairobi, na usiku huo mzee akazilehemu zote sita.

La pili lilikuwa kishindo. Kutoka 31 kwenda 32, mawe matano huondoka na moja huingia. Yale matano yalikuwa yakiachia kabla lile moja halijashika, na kwa kitambo kidogo mno hapakuwa na jiwe lolote mizanini. Sauti yote ikafyatuka. Spika za zamani hazistahimili hayo. Mjukuu akabadili amri: shika kwanza 32, ngoja sehemu 20 za elfu ya sekunde, ndipo uyaachie matano. Mahali pa kishindo pakawa na kimya kifupi ambacho sikio langu halikukihisi.

Usiku wa kuamkia harusi wanawake walikuwa ndani na bibi harusi. Mimi na mzee tulikaa barazani, kidude cha kuamrishia kikiwa mapajani mwake. Akaweka 40, akashuka taratibu hadi 26, ngazi ambazo wiki nzima zilikuwa bubu. Kushoto, waziwazi, ikatoka sauti ya mwanamke akikohoa. Kabla ya kuanza utendi alimwambia mtu aufunge mlango, upepo unaingia.

Mzee akainuka, akaenda kuufunga mlango.