Kulipa Deni ni Nusu. Nusu ya Pili ni Karatasi

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu unapokaribia, kila mwenye mikarafuu huanza kutafuta mambo mawili: majamvi ya kuanikia na fedha za kuwalipa wachumaji. Majamvi si taabu kuyapata. Fedha ndizo zenye taabu, maana wachumaji hulipwa kwa pishi siku ile ile, na karafuu bado ni mbichi. Hapo ndipo baadhi yetu huenda kuomba mkopo wakaambiwa kwamba jina lao lina doa: waliwahi kushtakiwa kwa deni, wakahukumiwa, na habari hiyo ingali imeandikwa. Mwenye kuambiwa hivyo mara nyingi hushangaa, kwa kuwa deni lenyewe alikwisha kulilipa zamani.

Katika makala hii twapenda kueleza doa hilo hutoka wapi na huondoka vipi. Tutatazama kwanza kwa wenzetu wa korosho, wakulima wa bonde la Lukuledi, maana hali yao na yetu zafanana sana.

Mto Lukuledi unatoka upande wa Masasi na kumwaga maji yake katika ghuba ya Lindi. Kusini yake umeinuka uwanda wa Makonde, na Newala iko huko juu. Watu wa huko maisha yao ni mkorosho kama yetu yalivyo mkarafuu. Mkorosho hautunzwi bure: miezi kadhaa kabla ya kuvuna hapana budi kuupulizia salfa, usije ukashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Fedha za salfa zatakiwa mapema. Fedha za korosho huja baadaye. Tangu mwaka 2007 korosho zao hupitia katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, mzigo ukawekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, kisha yeye akangoja malipo. Sisi karafuu zetu twaziuza kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Basi wao na sisi ni watu wa mlango mmoja wa kuuzia, na fedha ikichelewa mlangoni hapo, deni la nyumbani huanza kuota mizizi.

Mwaka 2018 jambo hilo lilionekana wazi. Bei za mnadani zilikuwa ndogo, wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba mwaka ule Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini kabla ya malipo ulifanywa uhakiki, hasa wa wale wenye zaidi ya kilo 1,500, ili kuwakamata watu wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini. Wako wakulima waliongojea fedha zao mpaka ndani ya mwaka 2019. Serikali yaweza kungoja uhakiki, mkopeshaji hangoji.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkulima mmoja wa Lukuledi amekopa shilingi 600,000 za salfa. Malipo ya korosho yakachelewa, mkopeshaji akaenda mahakamani. Hati ya wito ikaletwa. Mkulima akaona haya mbele ya majirani, siku ya shauri hakwenda. Hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Baadaye akauza mbuzi wake, akamlipa mdai mkononi, wakapeana mikono na kuagana kwa wema. Hakuandikiwa kitu. Miaka miwili ikapita, akaenda kuomba mkopo mwingine akakataliwa. Kwa kuwa salfa haingoji, akaziuza korosho zake kwa mtu wa kangomba zikiwa zingali juu ya mti.

Mtu huyu amekosea wapi? Deni amelilipa. Kosa lake ni kudhani kwamba madaftari yalikuwapo pale alipolipa. Ukweli ni kwamba hukumu ya deni hukaa katika madaftari mawili. La kwanza ni jalada la mahakama. La pili ni taarifa za mkopeshaji, ambazo benki huzipeleka katika mfumo wa taarifa za wakopaji ulio chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za mfumo huo zilitolewa mwaka 2012, na miongoni mwa kampuni za mwanzo kupewa leseni ya kukusanya taarifa hizo ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Nasi wa visiwani tumo, kwa kuwa mambo ya benki ni ya Muungano. Madaftari haya mawili hayasemezani. Usipoyasemesha wewe, kila moja litabaki na habari ya zamani.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo haya.

Kwanza, uitwapo mahakamani, nenda. Asiyekwenda huhukumiwa kwa maneno ya mwenzake peke yake. Kama wito haukukufikia, au ulikuwa na udhuru wa kweli, waweza kuiomba mahakama ile ile iitengue hukumu ya upande mmoja na kulisikiliza shauri upya. Lakini nenda mara tu upatapo habari, maana muda wake ni mfupi. Mwenye kutaka kukata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo ya Bara kwenda Mahakama ya Wilaya amepewa siku 30. Mahakama zetu za Zanzibar zina sheria zake, basi muulize karani siku hiyo hiyo ni siku ngapi ulizo nazo.

Pili, kama deni ni la kweli na huwezi kulilipa kwa mara moja, liombe kulilipa kwa mafungu, na uombe mafungu hayo yaandikwe na mahakama. Usijifiche. Kwa sheria ya Bara mdai ana miaka 12 ya kuomba hukumu ikazwe, na dalali wa mahakama hupajua kwako. Hata hivyo sheria hiyo haimwachi mdaiwa uchi: nguo zake, matandiko, vyombo vya kupikia, na zana za kilimo zinazomlisha havikamatwi.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ulipapo, malipo yaingie katika jalada. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Bara, katika Amri ya 21, yasema kwamba malipo yaliyofanywa nje ya mahakama bila ya kuthibitishwa mahakamani hayatambuliwi na mahakama inayokaza hukumu. Maana yake ni kwamba aliyelipa mkononi bila karatasi aweza kudaiwa mara ya pili. Basi lipa mahakamani upewe stakabadhi. Au ukimlipa mdai, nendeni pamoja kwa karani, naye aandike kuwa amepokea na hadai tena. Omba nakala yenye muhuri.

Nne, ichukue nakala hiyo kwa aliyekukopesha, umtake kwa barua arekebishe taarifa zako, na uombe barua ya kumaliza deni. Kisha omba kuiona taarifa yako ya mikopo. Ikiwa ingali na kosa, pinga kwa maandishi na uambatishe nakala. Asili weka kwako.

Tano, jihadharini na watu wanaojitia kusafisha majina kwa malipo. Hukumu ya kweli haifutwi kwa uchawi. Kinachowezekana ni kuandikwa kwamba imelipwa, na kazi hiyo mtu aweza kuifanya mwenyewe.

Mambo haya hayako kwetu tu. Jamaa zetu walioko Uingereza wanayajua: huko hukumu ya deni huingizwa katika rejista ya wazi kwa miaka 6. Aliyelipa yote ndani ya mwezi mmoja jina lake huondolewa; aliyelipa baada ya hapo huandikwa kuwa amelipa, ila jina hubaki mpaka miaka hiyo iishe. Nchini Kenya madeni madogo ya simu yaliwatia watu wengi doa, hata mwaka 2020 Benki Kuu ya huko ikakataza kuwaandika wenye madeni yasiyofika shilingi 1,000 za Kenya. Basi tusiseme deni la simu ni dogo.

Neno jingine ni la wadhamini. Katika vyama vyetu twadhaminiana kwa kuoneana huruma. Huruma ni njema, lakini ajuaye kusaini ajue pia kwamba mdhamini hudaiwa kama mkopaji mwenyewe. Ukimdhamini mtu, itake nakala ya kila stakabadhi yake.

Visiwa vyetu vina kumbukumbu ndefu ya madeni. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji, hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatoa amri za kuzuia mashamba yasihamie kwao bila ya ruhusa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walipewa eka tatu, na eka tatu si ardhi ya kuweka rehani. Kwa hiyo rehani ya mkulima mdogo leo ni jina lake. Likichafuka, hulazimika kukodisha mikarafuu yake kwa bei ya shida, na mavuno akayatazama yakianikwa kwenye jamvi la mwingine.

Tuliosoma chuoni twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni ya deni na kuandikwa kwake. Wengi huikumbuka wakati wa kukopa. Twawaomba muikumbuke pia wakati wa kulipa.

Mwanachama yeyote mwenye hukumu ya deni, iwe imelipwa au haijalipwa, na aje ofisini kabla ya uchumaji kuanza, na karatasi zake zote, hata zilizoliwa na mchwa. Tutakaa naye kuzipanga na kumwandikia barua zinazohitajika. Hatutamuuliza alikopa kwa nini.

Wasalaam,
Katibu wa Chama