Je, wajua? Bata bukini wa bonde la Ruvu si bata bukini

Masika yakishapita, bonde la Ruvu upande wa Mlandizi hubaki na maji kila penye shimo: malambo ya mifugo, mashimo yaliyochimbwa udongo, majaruba ya mpunga. Humo ndimo hutua ndege wakubwa wa shingo ndefu ambao wengi wetu huwaita bata bukini bila kuwatofautisha. Bata bukini halisi huzaliana kaskazini mwa dunia, na hata yule wa kufugwa anayefukuza watoto uani asili yake ni huko. Hawa wa porini kwetu wako karibu zaidi na bata wa kawaida kiukoo. Hawatoki Ulaya, huhamahama humu humu Afrika wakifuata mvua.

Anayestahili kutazamwa kwanza ni yule mkubwa mweusi mwenye uso na mdomo mwekundu, tumbo jeupe, na mgongo unaong'aa kijani juani. Hakuna ndege wa jamii ya bata aliye mkubwa kuliko yeye Afrika nzima. Dume anaweza kupita kilo 6. Kwenye kiungo cha kila bawa ana kipi kama cha jogoo, na hukitumia kupigana. Kuna jambo la ajabu zaidi. Huko Gambia imebainika kuwa ndege huyu hula mbawakawa wenye sumu iitwayo kantharidini, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake. Yeye haimdhuru, lakini miligramu 10 tu zinaweza kumuua binadamu, na kuipika nyama hakuiondoi. Si kila mmoja ana sumu, maana hutegemea alichokula, ila kwa macho huwezi kujua yupi anayo. Sababu hiyo peke yake inatosha kumwacha aende zake.

Bata bukini wa Misri ni mdogo kwake, na ni wa rangi ya kahawia. Mtazame usoni: ana doa la hudhurungi kuzunguka jicho, na jingine kifuani. Akiruka, sehemu ya mbele ya bawa huonekana nyeupe kabisa, na hiyo ndiyo alama ya kuamini ukiwa mbali. Wakiwa wawili wanagombana na majirani, sikiliza: jike hupiga kelele kali za mfululizo, dume hutoa sauti ya kukwaruza kama ya pumzi. Hutaga kwenye mashimo ya miti, au huteka tundu kuukuu la fundichuma, na vifaranga hujirusha chini wenyewe kumfuata mama majini. Wamisri wa kale walimchora makaburini. Waingereza walimpeleka kwao kupamba bustani katika karne ya 17, akatoroka akazaana, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya unamhesabu kuwa mgeni mvamizi.

Ukiona mwenye kichwa cheupe chenye madoa meusi na nundu kubwa juu ya mdomo, huyo ni bata nundu dume. Jike hana nundu. Ni ndege mkimya, kwa hiyo usisubiri sauti.

Wa mwisho wengi humpita bila kumwona, nami ndiye nimpendaye kuliko wote. Ana uzito usiofika gramu 300, uso mweupe, kifua cha rangi ya chungwa, na dume ana mdomo wa manjano. Hujificha katikati ya mayungiyungi, ambayo mbegu zake ndizo chakula chake kikuu. Mayungiyungi yakiisha bwawani, naye huondoka.

Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, na usisogee ukingoni. Kuna kipindi ambacho ndege hawa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, wakakaa majuma kadhaa bila uwezo wa kuruka. Ukiona kundi linakimbilia majanini badala ya kupaa, waite watoto na mbwa warudi. Kisha andika tarehe, mahali, aina na idadi, uwapelekee wanaokusanya kumbukumbu za Atlasi ya Ndege wa Tanzania, mradi ulioanzishwa na Neil na Liz Baker. Bwawa la kijijini kwako, hata likiwa dogo, lina nafasi yake kwenye ramani hiyo.