Sura ya Tano: Kuzungushwa na Sauti

Kila ninapozungumzia mada hii, hakosekani mtu wa kuniuliza kuhusu zile rekodi za hedifoni zinazodaiwa kuitoa roho mwilini. Roho haiendi popote. Baadhi yazo zinahamisha tu sauti kutoka sikio hili kwenda lile, tena ukigeuza kichwa nayo inageuka pamoja nawe, jambo ambalo sauti ya kweli haifanyi.

Ukweli una utamu zaidi. Mwaka 1977 Mmarekani James Lackner aliwaketisha watu gizani, akazizungusha sauti kwa spika zilizowazingira. Baadhi yao, nasisitiza baadhi, walihisi wao ndio wanaozunguka, kwa upande ulio kinyume na sauti. Hata macho yao yakachezacheza kama ya mtu aliyezungushwa kitini.

Sauti ikihama, ama chanzo chake kimetembea, ama wewe umegeuka. Ubongo huchagua. Ndiyo maana mlio wa chemchemi hulaghai kuliko hatua za mtu: mtu hutembea, chemchemi haina miguu. Hata hivyo, macho hulaghai zaidi ya masikio. Aliyewahi kukaa kwenye treni iliyosimama huku ya jirani ikiondoka anajua.

Lakini sauti inaweza kukuzungusha hata bila ubongo kuchagua, na hapa siwezi kumruka Pietro Tullio na njiwa wake. Mtaliano huyu alitoboa mfupa wa mifereji ya sikio la ndani, ile inayopima mzunguko wa kichwa. Sauti kali ikilia, njiwa aligeuza kichwa na macho. Hapo ubongo haukukisia chochote. Katika sikio zima, msukumo wa sauti huingilia dirisha moja na kutokea jingine, na majimaji ya mifereji hubaki yametulia. Tundu la tatu huupa msukumo njia ya kupitia mferejini; majimaji yakisukumwa, vinyweleo vya hisia hupinda, na ubongo hupokea taarifa ya mzunguko ambao haupo.

Mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza wagonjwa wenye tundu kama hilo bila kutobolewa na yeyote. Kelele huwatia kizunguzungu. Wengine husikia hata mboni zao zikigeuka. Mtu wa namna hiyo akiyumba ngoma inapolia, wapenzi wa majini hushangilia kwamba wamepata ushahidi. Mwacheni mganga apumzike. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, apigwe picha ya CT ya mfupa huo. Tundu linaweza kuzibwa kwa upasuaji.